Jinsi ya Kuandika Pendekezo la Tuzo kwa Mfanyakazi wa Chuo Kikuu Likapita: Mwongozo Kamili

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko mwingine wowote unafanana hivi: "Niliandika kwa moyo wote, kazi ya mtu mwenyewe kila mmoja chuoni anaijua, lakini hata mchujo wa kwanza hakupita." Nikiomba kuiona barua, karibu kila mara nakuta kitu kilekile: kurasa mbili za sifa. Mchapakazi, mnyenyekevu, mwenye moyo wa kusaidia wanafunzi, hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Yote huenda ni kweli. Ila mjumbe wa kamati asiyemfahamu mtu huyo hana pa kuweka alama.

Mwongozo huu ni wa anayependekeza, awe mkuu wa idara, mfanyakazi mwenzake au mwanafunzi. Unawafaa wanataaluma na pia wafanyakazi waendeshaji: makarani wa masijala, mafundi sanifu wa maabara, wakutubi, maofisa udahili, madereva, walinzi, wahudumu wa usafi. Hawa nawataja mmoja mmoja kwa makusudi. Machapisho ya mhadhiri yana jina lake juu, lakini kazi ya fundi sanifu huonekana siku asipokuwepo. Asipopata mtu wa kuiandika, tuzo zitazunguka kwa walewale kila mwaka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika

- Tangazo la tuzo la mwaka huu, lenye vigezo na mgawanyo wa alama kama umetolewa. La mwaka jana halitoshi, maana vigezo hubadilika kimyakimya.
- Fomu yenyewe, ukiwa umeshaona kikomo cha maneno kwa kila sehemu.
- Orodha ya majukumu ya ajira ya unayempendekeza. Hii ndiyo watu husahau, na bila yake hatua ya 3 haifanyiki.
- Wasifu wake wa kazi ulioandikwa upya karibuni.
- Daftari au faili moja la kukusanyia ushahidi.
- Majina ya watu watano wanaoijua kazi yake kutoka pande tofauti.
- Ridhaa yake, kama kanuni za tuzo zinaruhusu aambiwe.
- Wiki sita. Ukiwa na wiki mbili tu, punguza ushahidi unaoutafuta, ila usiruke hatua.

## Hatua ya 1: Linganisha mtu na tuzo

Anza na tangazo, kalamu mkononi. Vyuo vingi hugawa tuzo kwa mafungu: utumishi wa muda mrefu, ufundishaji, utafiti na ubunifu, huduma kwa jamii, uongozi, utumishi wa waendeshaji, na pengine tuzo ya kikundi. Kila fungu lina swali lake. Tuzo ya utumishi wa muda mrefu huuliza ametumika miaka mingapi, na mara nyingi ofisi ya rasilimali watu huchomoa majina yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu za ajira. Hapo barua yako haiongezi kitu. Tuzo ya ufundishaji huuliza wanafunzi wamepata nini. Tuzo ya utafiti huuliza elimu imesogea wapi kwa sababu yake.

Kosa linalojirudia ni kumchukua mtu aliyetumika kwa uaminifu miaka 25, kumpeleka kwenye tuzo ya mfanyakazi bora wa mwaka, kisha barua nzima ikahadithia hiyo miaka 25. Kama tangazo limesema kazi inayoangaliwa ni ya miaka 3 iliyopita, yote ya kabla ya hapo yanastahili sentensi moja tu.

Kagua masharti ya kustahili siku hiyohiyo: aina ya mkataba wake, miaka ya chini ya utumishi, kama ameshawahi kushinda karibuni, na nani anaruhusiwa kupendekeza. Sharti moja lisipotimia, faili huwekwa kando bila kufunguliwa.

Utajua umefaulu ukiweza kuijaza sentensi hii bila kusitasita: "Nampendekeza kwa tuzo ya … kwa sababu katika kipindi cha … alifanya …, na matokeo yake ni …" Kama unakwama kwenye matokeo, endelea, hatua ya 4 ipo kwa ajili hiyo. Kama huwezi hata kufika kwenye "alifanya", huenda tuzo hiyo si yake, au bado humjui vya kutosha.

## Hatua ya 2: Zungumza naye, kisha na mkuu wake

Mtu mwenye kazi kubwa aghalabu atakujibu, "Mimi natimiza wajibu wangu tu." Usilichukue jibu hilo kama kukataa. Mwulize maswali yenye mshiko: Ni kitu gani kilikuwa hakifanyi kazi ulipoingia ofisi hii, na sasa kinafanya kazi? Watu wa idara nyingine hukujia kwa jambo gani? Ukienda likizo, nini hukwama? Swali la tatu ndilo lililonipa majibu mazuri kuliko yote.

Mkuu wake unamhitaji kwa mambo mawili. La kwanza ni kuthibitisha kwamba hakuna shauri la nidhamu linaloendelea, kwani tuzo nyingi huzuia mtu wa namna hiyo na hutaki kumuaibisha hadharani. La pili ni kufungua njia ya kumbukumbu za ofisi utakazohitaji.

Tahadhari. Kama wewe ni ndugu yake, mwenza wake, au mnafanya mradi mmoja wa kipato, sema wazi kwenye fomu au mwachie mwingine aandike. Kamati ikigundua yenyewe, hata ushahidi wa kweli utatiliwa shaka. Na kama kanuni zinataka pendekezo liwe siri hadi matokeo yatangazwe, ruka mazungumzo naye, uwaulize waliomzunguka maswali hayohayo.

## Hatua ya 3: Chora mstari kati ya wajibu na kilichozidi

Chukua orodha ya majukumu yake ya ajira. Karatasi igawe safu mbili. Upande wa kushoto andika jukumu kama lilivyo kwenye orodha, upande wa kulia andika alichofanya hasa.

Sababu yake ni rahisi. Wajumbe wa kamati wengi nao ni watumishi, na swali lao la kwanza wakisoma ni: je, hii si kazi anayolipwa kuifanya? Ukiliacha swali hilo bila jibu, watalijibu wenyewe, na watalijibu vibaya.

Kuzidi wajibu kuna sura tatu, na watu wengi wanaijua moja tu.

Ya kwanza ni kufanya lisilokuwemo kabisa kwenye orodha. Mkutubi ambaye kazi yake ni kuazimisha na kupanga vitabu anaanzisha kipindi cha kila wiki cha kuwafundisha wanafunzi wa uzamili kutafuta makala kwenye hifadhidata.

Ya pili ni kulifanya jukumu la kawaida kwa kiwango ambacho ofisi haikuwahi kukiona. Karani wa masijala aliajiriwa kutunza mafaili, na ameyatunza, lakini amebuni utaratibu ambao faili sasa linapatikana kwa dakika badala ya siku. Kwenye orodha jukumu ni lilelile, ila kazi si ileile.

Ya tatu ni kulifanya jukumu la kawaida katika mazingira yaliyowashinda wengine: maabara iliyofurika wanafunzi mara mbili ya uwezo wake, idara iliyobakiwa na karani mmoja, mwaka ambao mfumo wa matokeo uliharibika katikati ya mitihani. Sura hii inahitaji ueleze mazingira kwa kifupi, maana mgeni hawezi kuyakisia.

Tahadhari kuhusu saa za ziada. Kubaki ofisini hadi usiku si mafanikio peke yake, na kamati makini inaweza kuliona kama dalili ya ofisi isiyopangwa. Taja kilichopatikana katika saa hizo. Kama hakipo, liache.

Utajua umefaulu ukibaki na mambo matatu au manne upande wa kulia yanayostahili kuandikwa. Ukiwa na kumi, chagua. Pendekezo lenye mambo kumi husomwa kama orodha ya kazi, na msomaji akilimaliza hakumbuki hata moja.

## Hatua ya 4: Tafuta ushahidi unaofika kwenye matokeo

Hapa ndipo mapendekezo mengi hufia, kwa hiyo nitakaa kwa muda.

Kuna ngazi za ushahidi zilizopendekezwa na Donald Kirkpatrick mwaka 1959 kwa ajili ya kupima mafunzo, nami naona zinafaa sana hapa. Ngazi ya kwanza ni watu walivyoridhika. Ya pili ni walichojifunza. Ya tatu ni walivyobadilisha utendaji wao. Ya nne ni matokeo kwa taasisi. Barua za sifa hubaki ngazi ya kwanza: wanafunzi wanampenda, wenzake wanamheshimu. Lengo lako ni kufika ya tatu na ya nne angalau kwa jambo moja.

Mchukue yule mkutubi wa kufikirika. "Wanafunzi walifurahia vipindi vyake" ni ngazi ya kwanza. "Waliweza kutafuta makala wenyewe baada ya kipindi" ni ya pili. "Wasimamizi wameona sura za mapitio ya maandiko zikija na vyanzo vya kutosha" ni ya tatu. "Idara imepunguza idadi ya mapendekezo ya utafiti yanayorudishwa kwa sababu ya mapitio dhaifu, kutoka kiasi fulani hadi kiasi fulani" ni ya nne. Kazi ni moja, lakini ngazi ya nne inampa mjumbe kitu cha kushika.

### Kama ni mwalimu

Alama za tathmini za wanafunzi ziweke, lakini usizitegemee peke yake. Mwaka 2015 lilichapishwa jaribio dogo lakini linalofikirisha: wakufunzi wawili wa kozi ya mtandaoni, mwanamke na mwanamume, kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jinsia yake na jingine kwa jinsia ya mwenzake. Aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipewa alama za juu kuliko aliyedhaniwa kuwa mwanamke, hata pale mtu alipokuwa yuleyule. Wajumbe wengi wanazijua kasoro za namna hii.

Basi ongeza vitu vingine: muhtasari wa kozi kabla na baada ya kuubadilisha, ripoti ya mwenzake aliyekaa darasani akamwangalia akifundisha, kiwango cha kufaulu kwa miaka mitatu mfululizo, zana za kufundishia alizotengeneza zinazotumiwa na walimu wengine. Hiki cha mwisho kina uzito mkubwa, kwani mwalimu mwenzake haazimi kitu kibovu.

### Kama ni mtafiti

Idadi ya machapisho na kipimo cha h, kile alichokibuni Jorge Hirsch mwaka 2005 kuhesabu kwa pamoja machapisho ya mtu na mara yalivyonukuliwa, vinaonyesha kitu, lakini haviwezi kulinganisha mtu wa fizikia na mtu wa fasihi. Tabia za kunukuu zinatofautiana mno baina ya taaluma. Azimio la San Francisco kuhusu Tathmini ya Utafiti, lijulikanalo kama DORA na lililoanzia kwenye mkutano wa mwaka 2012, linashauri kutotumia kipimo cha umaarufu wa jarida kama mbadala wa ubora wa kazi ya mtu mmoja. Chuo chako kikiwa kimetia saini azimio hilo, kuringia majarida pekee kunaweza hata kukuponza.

Chagua kazi mbili au tatu. Eleza kila moja ilijibu swali gani, na nani ameitumia: sera iliyoinukuu, hospitali iliyobadili utaratibu, wakulima waliopokea mbegu, mtaala uliobadilishwa.

### Kama ni mwendeshaji

Watu huniambia, "Kazi yake haina takwimu." Zipo, ila hazijahesabiwa. Nenda kwenye daftari la kupokelea barua, uchukue mwezi mmoja kabla hajabadilisha utaratibu na mwezi uleule wa mwaka uliofuata. Hesabu siku kati ya kupokelewa na kujibiwa. Kwa fundi sanifu, angalia kumbukumbu za matengenezo: vifaa vingapi vilikuwa vimekufa alipoanza, vingapi vinafanya kazi leo, mazoezi mangapi ya vitendo yaliahirishwa muhula ule na muhula huu. Kwa dereva, kumbukumbu za safari na matengenezo zinasema mengi. Kwa mhudumu wa usafi, malalamiko yaliyoandikwa na ripoti za ukaguzi wa afya zinatosha kuanzia.

Hesabu hii inaweza kukuchukua siku mbili nzima. Zitoe. Sijaona siku mbili zenye faida kubwa kuliko hizo katika kazi yote ya pendekezo.

Tahadhari mbili. Moja, usiambatishe matokeo ya mitihani yenye majina, taarifa za afya, wala barua ya mwanafunzi aliyesaidiwa katika jambo la siri. Idadi na maelezo ya jumla vinatosha. Mbili, jiulize ni nini kingine kilibadilika kipindi kilekile. Kama muda wa kutoa nakala za matokeo ulipungua mwaka uleule chuo kiliponunua mfumo mpya, sema hivyo, kisha onyesha sehemu yake: ndiye aliyehamisha kumbukumbu za zamani, ndiye aliyewafundisha wenzake. Mjumbe anayejua habari ya mfumo atakuamini kwa mengine yote.

Utajua umefaulu kila jambo lako likiwa na ushahidi wa aina mbili tofauti, kwa mfano hesabu moja na ushuhuda mmoja, au hati moja na ushuhuda mmoja.

## Hatua ya 5: Katika kazi ya pamoja, taja mkono wake

Kazi za chuo hufanywa na wengi. "Alishiriki katika mradi" ni maneno yasiyobeba kitu, maana hata aliyehudhuria kikao kimoja alishiriki.

Kuna orodha ya majukumu 14 iitwayo CRediT ambayo majarida mengi ya kisayansi huitumia kueleza nani alifanya nini katika makala. Ndani yake yamo kubuni wazo, kuandaa mbinu, kukusanya data, kuandaa programu, kusimamia, kutafuta fedha, kuandika rasimu ya kwanza na mengineyo. Hata kama kazi yenyewe si makala, orodha hiyo inasaidia kukumbusha. Pitia, weka alama kwenye alichofanya hasa, kisha kiandike kwa kitenzi chenye mtu: alibuni, aliunda, alifundisha, alipatanisha, alitengeneza.

Ninaposisitiza hili kwa mafundi wa maabara, humkumbuka Vivien Thomas, fundi mwenzao wa Marekani. Mbinu ya upasuaji wa moyo iliyotumika kwa mtoto mdogo katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwezi Novemba 1944 aliiandaa yeye maabarani, na siku ya upasuaji alisimama nyuma ya daktari Alfred Blalock akimwelekeza. Makala iliyofuata mwaka 1945 haikuwa na jina lake. Chuo hicho kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976. Miaka zaidi ya 30 ilipita kwa sababu karatasi ilinyamaza.

Usimpe mtu wako kazi ya wenzake, hata hivyo. Kama mlikuwa wanne, taja kwamba mlikuwa wanne. Na kama kweli mafanikio hayatenganishiki, rudi hatua ya 1 utazame tuzo ya kikundi.

## Hatua ya 6: Andika maelezo makuu

Sasa ndipo unaandika. Fuata mpangilio huu:

1. Sentensi mbili za kufungua zenye jina, cheo, tuzo, na jambo lake kubwa kuliko yote.
2. Aya fupi ya mazingira: hali ilikuwaje kabla.
3. Kila kigezo kwa kichwa chake, kwa maneno yaleyale ya tangazo na kwa mfuatano wake.
4. Chini ya kila kigezo: alichofanya, ushahidi, kilichobadilika.
5. Mstari mmoja unaoelekeza kila dai kwenye kiambatisho chake.

Vichwa vya vigezo visikuchoshe. Mjumbe ana fomu ya alama mkononi na pengine mafaili mengi mezani. Akilazimika kuwinda mahali ulipoongelea ubunifu, huenda akakupa alama ya katikati akaendelea.

Tazama tofauti. Mifano yote miwili nimeibuni.

*Rasimu dhaifu:* "Ni fundi sanifu mwenye bidii ya pekee, anayejituma usiku na mchana, na mchango wake katika maabara hauwezi kuelezeka. Wanafunzi wote wanampenda kama mzazi."

*Rasimu yenye nguvu:* "Alipokabidhiwa maabara, darubini 9 kati ya 30 ndizo zilizokuwa zikifanya kazi, na wanafunzi watano walichangia moja. Alijifunza kuzitengeneza mwenyewe, akatumia vipuri vya zile zilizokufa kabisa, na kufikia mwisho wa mwaka wa pili darubini 24 zilikuwa zinafanya kazi (Kiambatisho B, kumbukumbu za matengenezo). Sasa wanafunzi wawili hutumia moja, na idara imerudisha mazoezi matatu ya vitendo yaliyokuwa yamefutwa kwenye ratiba (Kiambatisho C, ratiba za mihula miwili)."

Katika ya pili hakuna neno hata moja la sifa, lakini ukimaliza kuisoma unamheshimu mtu huyo.

Ukimaliza rasimu, fanya msasa wa maneno. Futa "hauwezi kuelezeka", kwani kazi yako ndiyo kueleza. Futa "wa pekee", "wa aina yake", "usiku na mchana". Kila "sana" uliyoandika, jaribu kuitoa uone kama kuna kilichopungua.

Kuna msasa wa pili, na huu unanigusa zaidi. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua 312 za kuwapendekeza watu waliopata kazi ya ualimu katika chuo kikubwa cha tiba Marekani. Barua za kuwapendekeza wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, na zilibeba zaidi maneno ya kutia shaka. Wanawake walisifiwa zaidi kwa bidii na ualimu, wanaume kwa utafiti na uwezo wao. Sote tunaweza kuteleza hivyo bila kukusudia. Soma rasimu yako ukibadilisha jinsia ya mtu kichwani: bado ungeandika "mpole, mvumilivu, kama mama kwa wanafunzi", au ungeandika "aliongoza, aliamua, aliunda"? Fanya vivyo hivyo kwa mhudumu na mlinzi. Tunapenda kuwasifu kwa adabu, na kwa wahadhiri tunasifu akili. Mlinzi aliyebuni utaratibu wa kusajili kompyuta za wanafunzi langoni alitumia akili. Iandike.

Utajua umefaulu ukifuta jina lake na mtu wa ofisi yake bado akatambua ni nani. Kama maelezo yanaweza kumhusu mtumishi yeyote mwema, bado hujaandika.

## Hatua ya 7: Pata barua za kuunga mkono zinazosema mambo tofauti

Barua tatu za wakuu watatu zinazorudia sifa zilezile zina uzito wa barua moja. Chagua mashahidi kwa nafasi waliyosimama: mmoja aliyemsimamia, mmoja aliyefanya naye kazi bega kwa bega, mmoja aliyehudumiwa naye. Huyu wa tatu, awe mhitimu au mtu wa idara nyingine, mara nyingi ndiye mwenye maneno yanayobaki akilini.

Kila mmoja mpe karatasi ya nusu ukurasa yenye vigezo, jambo moja unalomwomba alizungumzie, na tarehe ya kukurudishia, iwe wiki nzima kabla ya tarehe ya mwisho. Mwambie: "Naomba uandike ulichokiona mwenyewe siku fulani, hata kama ni kidogo."

Tahadhari. Usimwandikie mtu barua ili atie saini. Macho ya kamati huzoea, na barua tatu zenye "napenda kuchukua fursa hii" katika mstari uleule hutambulika haraka. Pia usikimbilie jina kubwa. Barua ya kiongozi wa juu isemayo "namfahamu kama mtumishi mwema" ni nyepesi kuliko ya mwanafunzi aliyeandika jinsi alivyookolewa kwenye usajili saa ya mwisho.

## Hatua ya 8: Mpe mgeni asome, kisha peleka

Mtafute mtu wa kitivo kingine asiyemjua kabisa unayempendekeza. Mpe maelezo makuu na vigezo, umwombe atoe alama kama mjumbe. Pale atakapouliza "hii ina maana gani?" au "umejuaje?", ndipo pa kurekebisha. Vifupisho vya idara yenu viandike kwa kirefu.

Kisha mambo madogo: idadi ya maneno isizidi, viambatisho viwe na herufi zilezile ulizozitaja, mafaili yapewe majina yanayoeleweka, saini zote ziwepo. Peleka siku mbili kabla, ombi la uthibitisho wa kupokelewa lisisahaulike.

## Hatua ya 9: Matokeo yakitoka

Akishinda, uliza cheti kitaandikwa jina gani na uhakikishe herufi zake. Nimeona mtumishi akipanda jukwaani mbele ya familia yake na kukabidhiwa cheti chenye jina lililokosewa, na furaha ikamtoka usoni.

Asiposhinda, andikia kamati kwa heshima uombe maoni: kigezo kipi kilikuwa dhaifu? Si kila kamati itajibu, lakini zinazojibu hukupa ramani ya mwaka unaofuata. Faili usilifute. Ongeza ushahidi kila muhula, badala ya kuanza upya wiki ya mwisho.

Kama alijua kwamba umempendekeza, nenda mwenyewe umweleze kabla hajasikia kwa wengine, na umpe nakala ya maelezo uliyoandika, ukiacha barua zilizotolewa kwa siri. Wengi hawajawahi kusoma kazi yao ikielezwa na mtu mwingine.

Mwisho, mwombe mkuu wa idara aandike barua ya pongezi kwa kutumia ushahidi uleule na nakala iingie kwenye faili lake la ajira. Hilo halihitaji kamati wala kusubiri mwaka mwingine, na siku jina lake litakapofika kwenye kikao cha kupandishwa cheo, wajumbe watakuta karatasi inayosema alifanya nini.